WALIOPOTEA VITANI: HABARI ZA KUTAFUTA MIILI YAO NA MAJINA YAO



Vyama vya ustawi vya Waafrika mijini vilianzishwa kwa sababu nyingi, lakini iliyo kubwa ni moja: mtu afapo mbali na kwao, asizikwe kama mtu asiye na wenyewe. Kwa ajili hiyo twatoa ada zetu, na kwa ajili hiyo katibu huandika daftarini jina la kila mwanachama, jina la baba yake, na mahali atokapo. Basi, baada ya hesabu za fedha na taarifa za halmashauri, tumeona vema kutoa katika kijitabu hiki habari za watu waliokufa mbali na kwao kwa wingi kuliko wengine wote katika historia ya nchi yetu, yaani askari na wapagazi wa Vita Kuu. Tutaeleza kazi ya kuwatafuta na kuwatambua waliopotea jinsi ilivyoanza Ulaya, jinsi ilivyofanywa hapa kwetu, na sehemu ya kazi hiyo ambayo hata leo yaweza kufanywa na mikono yetu wenyewe.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Katika lugha ya jeshi, mtu aliyepotea si yule ambaye kifo chake kimejulikana. Ni yule ambaye jina lake liliitwa jioni baada ya mapigano asiitike, wala mwili wake usionekane, wala adui asitoe habari kwamba amemteka. Nyumbani kwake msiba huu ni mgumu kuliko kifo. Mkewe si mke wala si mjane. Watoto hawajui kama wagawane shamba la baba yao au walitunze mpaka arudi. Wazee hawajui kama waweke matanga au wangoje. Sheria ya Kenya ya leo humhesabu kuwa amekufa mtu ambaye habari zake hazikusikika kwa muda wa miaka 7 na wale ambao wangalizisikia kama angalikuwa hai. Lakini mzazi hangoji wala haachi kungoja kwa amri ya sheria.

Wahenga wetu waliujua uzito wa jambo hili. Katika nchi ya Wajaluo, mtu akifa mahali pasipojulikana, au akizama ziwani asionekane, jamaa zake huzika badala yake tunda la mti wa yago, ambao Waswahili huuita mvungunya. Hufanya hivyo ili marehemu awe na kaburi kwake, na walio hai wapate kuendelea na maisha yao. Tunamwomba msomaji aikumbuke desturi hii, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye mambo ya nchi yetu.

KAZI ILIVYOANZA ULAYA

Katika vita vya zamani askari wa kawaida hakuwa na kaburi lake peke yake. Jemadari alijengewa sanamu, na askari wake wakafukiwa pamoja katika shimo moja. Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914 iliibadili desturi hiyo. Mtu aliyeanzisha mabadiliko alikuwa Fabian Ware, Mwingereza aliyeongoza kikosi cha magari cha Msalaba Mwekundu huko Ufaransa. Aliona kwamba makaburi ya askari hayakuwa na mwandishi. Msalaba wa mti ukianguka, au kombora likiuvunja, jina la aliyelala pale limekwisha. Kwa hiyo yeye na watu wake wakaanza kuandika kila kaburi waliloliona: jina, namba, kikosi na mahali. Mwaka 1915 jeshi likaikubali kazi ile kuwa kazi yake, na tarehe 21 Mei 1917 ikaundwa kwa hati ya Mfalme Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Dola, ambayo tangu mwaka 1960 huitwa Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Halmashauri ile iliweka kanuni ambazo ni njema kwa kila mtu mwenye haki. Kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi lake, ama juu ya ukuta wa ukumbusho ikiwa kaburi lake halijulikani. Mawe yawe ya namna moja kwa mkubwa na mdogo. Pasiwe na ubaguzi wa cheo, wala wa taifa, wala wa dini. Tena miili isirudishwe makwao, kwa kuwa matajiri wangaliweza kuwarudisha wana wao na maskini wasingaliweza.

Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, ilianza kazi ya kuikusanya miili iliyotapakaa mashambani. Vikosi vya askari viliugawa uwanja wa vita kuwa vipande vya mraba, kila upande yadi 500, wakapita kipande kwa kipande. Walifundishwa kutazama dalili. Bunduki au kigingi kilichosimikwa ardhini chenye kofia ya chuma juu yake kilionyesha kaburi la haraka. Majani yaliyostawi kupita kiasi, mapana kuliko ya jirani na yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, yalionyesha kwamba pana mwili chini yake. Maji ya shimoni yaliyogeuka kuwa meusi ya kijani au ya kijivu yalionyesha vivyo hivyo. Hata matundu ya panya yalitazamwa, kwa maana panya huleta juu mifupa midogo na vipande vya mavazi. Hadi mwezi wa Septemba 1921 vikosi vile vilikuwa vimekusanya miili zaidi ya 200,000 na kuizika katika makaburi ya kudumu.

Lakini kuupata mwili si kumpata mtu. Mwili ulipofukuliwa, askari walipekua shingo, vifundo vya mikono na mifuko, wakitafuta kitambulisho. Mwanzoni mwa vita askari wa Kiingereza alivaa kibati kimoja tu. Mwenzake alipokiondoa ili apeleke habari za kifo, mwili ulibaki bila jina. Kwa hiyo mwaka 1916 vikaanza kutolewa vibao viwili vidogo vya nyuzi ngumu: kimoja chekundu cha mviringo, cha kuondolewa na kupelekwa ofisini, na kingine cha kijani chenye pembe nane, cha kubaki na mwili. Fikira ile ilikuwa nzuri, ila nyuzi huoza katika udongo wenye maji. Wakati mwingine jina lilipatikana kwa kijiko ambacho askari alikuwa amekikwaruza namba yake, au buti lenye namba, au kifungo chenye alama ya kikosi.

Hata hivyo wengi mno walizikwa bila kutambuliwa. Mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915, ndiye aliyechagua maneno ya kuandikwa juu ya mawe yao, ya kuwa Mungu awajua. Majina yao nayo yaliandikwa kwenye kuta za ukumbusho. Lango la Menin katika mji wa Ypres, Ubelgiji, lililozinduliwa mwaka 1927, lina majina zaidi ya 54,000. Ukumbusho wa Thiepval, Ufaransa, uliozinduliwa mwaka 1932, una majina zaidi ya 72,000.

Katika habari hizi twajifunza kwamba kumtambua aliyepotea ni kama kuinjika chungu: kwahitaji mafiga matatu. Figa la kwanza ni mwili wenyewe. La pili ni maandishi yaliyoandikwa angali hai, yaani jina lake, namba yake, kikosi chake na kwao. La tatu ni ndugu anayemwuliza. Likikosekana moja, chungu hakikai. Kwa mafiga hayo matatu tuipime sasa nchi yetu.

WAPAGAZI NA ASKARI WA AFRIKA MASHARIKI

Vita vya Waingereza na Wajerumani katika Afrika Mashariki vilipiganwa tangu mwaka 1914 mpaka tarehe 25 Novemba 1918, siku ambayo Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Askari wa Keya walipigana kwa ushujaa, na sifa zao zimeandikwa. Lakini jeshi halikwenda kwa bunduki tu. Barabara hazikuwako, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe kwa maelfu. Kwa hiyo chakula, risasi, mahema na majeruhi vyote vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Watu hao ndio wapagazi wa jeshi, ambao Waingereza waliwaita Carrier Corps, na watu wetu wakalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mkuu wao alikuwa Oscar Watkins. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi zaidi, na vijana wengi wa wilaya za Kenya wakachukuliwa kwa lazima.

Adui yao mkubwa hakuwa Mjerumani. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea wala hakikupikwa kikaiva. Hesabu za serikali yenyewe zilitaja vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekadiria kwamba waliokufa katika utumishi wa Waingereza walikaribia 100,000. Walizikwa kando ya hospitali za wapagazi na kando ya njia, tangu chini ya Kilimanjaro mpaka Rufiji, na kutoka Rufiji mpaka ndani ya Msumbiji. Wengine walianguka njiani, msafara ukapita.

Je, mafiga matatu yalikuwako? Miili ilikuwako, na katika miaka ya kwanza baada ya vita makaburi mengi yaliweza bado kuonekana. Ndugu walikuwako, wakiuliza kila mwezi kwa machifu na kwa mabwana wa wilaya. Figa lililokosekana ni la maandishi. Daftari zilikuwa pungufu, na mara nyingi jina lililoandikwa halikutosha kumtambulisha mtu. Wako akina Juma wangapi Pwani, na akina Mutua wangapi Ukambani, na akina Otieno wangapi Nyanza, ikiwa hakuandikwa baba wala kijiji? Hasara ya upungufu huo haikuwa ya kaburi tu. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika mikononi mwa jamaa zao, kwa kuwa hawakujulikana wa kulipwa. Hivyo nyumba ile ile ilimkosa mtu, ikakosa kaburi, ikakosa na fedha ambazo mtu huyo alizifia.

Pengine msomaji atasema kwamba nyakati zile ilikuwa vigumu kuwaandika watu wengi namna hiyo. Kwa jambo hili na tukumbuke kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika mara baada ya vita, katika miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume alichukuliwa alama za vidole, akapewa namba, akatembea na kipande chake. Hatulitaji jambo hili kwa nia ya kuamsha chuki zilizokwisha kulala. Twalitaja kwa sababu laonyesha kwamba kuyaandika majina ya watu wengi hakukuwa nje ya uwezo wa serikali ile. Mtu aliye hai alihitajiwa kwa kazi, akaandikwa. Aliyekufa hakuhitajiwa tena.

Halmashauri ya Makaburi, ambayo kule Ulaya ilisema pasiwe na ubaguzi, hapa iliridhika na njia nyingine. Makaburi ya Wazungu yalikusanywa mahali pamoja na kuwekewa mawe. Makaburi ya Waafrika kwa kawaida yaliachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitoa shauri kwamba makaburi makubwa ya wapagazi huko Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na Halmashauri haikumpinga. Maofisa wengine wa makoloni walidai kwamba Mwafrika hana desturi ya kujali kaburi, wala hatafahamu maana ya jiwe lenye jina. Msomaji na alikumbuke lile tunda la yago. Watu wanaozika tunda ili ndugu yao asikose kaburi, yawezekanaje kusemwa kwamba hawajali makaburi?

Badala ya majina, zilisimamishwa sanamu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilizinduliwa sanamu za ukumbusho Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Ile ya Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, yaonyesha watu watatu, askari na mpagazi wakiwamo. Ni kazi nzuri ya mikono, na kila mtu aliyewahi kufika Nairobi ameiona. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili maneno yaliyotungwa na Kipling yule yule, yakimwahidi mtu atakayeifia nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini mtu akiizunguka sanamu ile pande zote hataona jina hata moja la askari wala la mpagazi. Katika mji huo huo, kwenye makaburi ya kusini, upo ukumbusho wa askari wa Kiingereza na wa Kihindi wasio na kaburi, nao umeandikwa majina.

Mambo haya yalikaa kimya kwa karibu miaka 100. Mwaka 2021 Halmashauri yenyewe, baada ya kuchunguza kumbukumbu zake, ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Asia na Afrika walikumbukwa pasipo usawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Twaishukuru Halmashauri kwa kukiri. Lakini na tutazame vema hesabu yenyewe. Kutoka 116,000 mpaka 350,000 ni umbali wa watu zaidi ya 230,000, na hakuna awezaye kusema kama watu hao walikuwako au hawakuwako. Huo ndio ukubwa wa hasara ya kutoandika.

VITA VYA PILI

Katika vita vya mwaka 1939 mpaka 1945 mambo yalikuwa bora, na sababu yake ni kwamba askari waliandikwa. Askari wetu walipigana na Waitalia Somalia na Ethiopia, wakaenda Madagascar, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika. Msitu ule ulimeza watu. Mvua iliyafuta makaburi ya haraka, na majeruhi hawakuweza kuchukuliwa upesi. Lakini huko Taukkyan, nje kidogo ya Rangoon, umesimamishwa ukumbusho wenye majina ya watu karibu 27,000 waliokufa Burma pasipo kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo kwa majina yao na kwa vikosi vyao.

Baharini nako hali ilikuwa vivyo hivyo. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza, na wanawake wauguzi. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldives, iligongwa na torpedo za nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda usiotimiza dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Hakuna awezaye kuifukua bahari. Hata hivyo, ndani ya makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, upo ukumbusho wa Afrika Mashariki, na askari wetu waliozama siku ile wameandikwa pale. Mjukuu aweza kwenda leo akaweka kidole juu ya jina la babu yake. Figa la mwili limekosekana, lakini mawili yaliyobaki yamempa mahali pa kusimama.

Tukivilinganisha vita hivi viwili twaona jambo moja lililo wazi. Mpagazi aliyezikwa katika nchi kavu, kando ya njia iliyojulikana, amepotea kuliko askari aliyezama katika kina cha bahari. Mmoja alikuwa na kaburi bila jina. Mwingine ana jina bila kaburi. Na aliye na jina ndiye aliyerudi nyumbani.

KAZI YA SIKU HIZI

Katika miaka ya karibuni elimu ya kutambua mifupa imeendelea sana. Wataalamu huweza kujua kwa mifupa umri wa mtu, kimo chake na majeraha yake ya zamani. Huyalinganisha meno yake na karatasi za daktari wa meno. Tena huchukua chembe za urithi zilizobaki ndani ya mfupa au jino, wakazilinganisha na za jamaa walio hai, wa upande wa mama au wa baba.

Mfano mmoja ni wa Fromelles, Ufaransa. Katika mapigano ya tarehe 19 na 20 Julai 1916, Waaustralia na Waingereza wengi waliuawa ndani ya mistari ya Wajerumani. Wajerumani waliwazika katika mashimo makubwa, lakini kwanza walikusanya vitambulisho vyao na kupeleka orodha kwa Msalaba Mwekundu. Baada ya miaka mingi mwalimu mmoja mstaafu wa Melbourne, Lambis Englezos, aliona kwamba hesabu ya waliopotea haikupatana na hesabu ya makaburi yaliyojulikana. Akauliza, akapuuzwa, akauliza tena. Mwaka 2009 mashimo yalifunguliwa, ikapatikana miili 250, na mwaka uliofuata ikazikwa upya kila mmoja peke yake. Zaidi ya 150 kati yao wamekwisha kupewa majina yao. Tuangalie nani walioiwezesha kazi hii: karani wa adui aliyeandika orodha kwa uaminifu, na raia asiye na cheo aliyekataa kunyamaza.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Manowari Oklahoma ilizamishwa Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na watu wake 429 wakafa. Kati yao 388 walizikwa bila kutambuliwa, mifupa yao imechanganyika. Mwaka 2015 makaburi yao yalifunguliwa upya, na kufikia mwaka 2021 zaidi ya 350 walikuwa wamepewa majina. Jamaa walikuwa wamekwisha kufikia vitukuu, lakini walitoa chembe zao, na orodha ya waliokuwamo melini ilikuwa kamili.

Wala mifano hii si ya Wazungu peke yao. Tarehe 22 Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa Waafrika wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700, waliokufa wakifanya kazi za jeshi katika Vita Kuu pasipo kupewa kaburi lenye jina. Majina yao yalipatikana katika daftari za zamani zilizokuwa zimelala bila kusomwa. Hapa Kenya nako kumbukumbu za jeshi zilizodhaniwa kuwa zimepotea zimeanza kufunguliwa na kusomwa, na kutoka humo Halmashauri yapata majina ambayo haikuwa nayo. Kwa hiyo tusiseme kwamba jambo hili limekwisha kupita.

WAJIBU WETU

Sasa twasema na wewe, ndugu mwanachama. Miili ya wapagazi wengi haitapatikana tena. Njia zao zimelimwa mashamba, na mafuriko ya Rufiji yamepita juu yao mara nyingi. Ila figa la maandishi na figa la ndugu bado twaweza kuyatengeneza, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Twapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila mwanachama arudipo kwao likizo aulize wazee kama katika ukoo wake yuko aliyekwenda vitani asirudi. Aandike jina lake kamili, jina la baba yake na la mama yake, ukoo, kijiji, chifu wa wakati ule, na lolote linalokumbukwa juu ya safari yake. Watu walioishuhudia Vita Kuu kwa macho yao wamekwisha kuondoka duniani, lakini wajukuu waliosimuliwa nao wangalipo, na wengi wao sasa ni wazee sana. Habari hizo zaweza kupelekwa kwa Halmashauri na kwa nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Nairobi.

La pili, medali za zamani zisiuzwe kwa wafua fedha. Medali za vita vya 1914 mpaka 1918 zilizotolewa na Waingereza kwa kawaida zina maandishi madogo ukingoni: namba ya mtu, jina lake na kikosi chake. Kwa familia isiyo na karatasi nyingine, ukingo ule waweza kuwa ndilo daftari lake pekee.

La tatu, mtu akilima akakuta mifupa pamoja na vifungo au risasi za kale, hasa wenzetu wa Taveta, Maktau na Voi, asiihamishe wala asichukue vitu vilivyo pamoja nayo. Afunike, atie alama, kisha aarifu chifu au polisi. Kifungo kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kushuhudia.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Daftari ya chama hiki lina safu ya jina la mwanachama, na safu ya jina la jamaa wa kuarifiwa. Twawasihi wote waijaze safu hiyo ya pili kwa ukamilifu, na waibadilishe kila mara jamaa anapofariki au anapohama. Wako wanaoiacha wazi wakidhani ni kujitakia mabaya. Sivyo. Katika vyumba vya maiti vya miji yetu hulazwa watu waliokufa barabarani au kazini, ambao hawakujulikana ni wa nani, na hatimaye huzikwa na serikali ya mji pasipo mtu wao. Hawakufa vitani, lakini wamepotea sawasawa na mpagazi wa Rufiji, na kwa sababu ile ile.

Yako masoko mawili, moja Nairobi na moja Dar es Salaam, yanayoitwa kwa jina la wapagazi wale. Kila siku maelfu ya watu hutamka Kariakoo wakienda kununua nyanya na samaki, na ni wachache wafahamuo kwamba walitajalo ni jina la jeshi la watu waliokufa. Jina la kundi limehifadhiwa kwa bahati. Majina ya watu mmoja mmoja hayahifadhiwi kwa bahati, bali kwa kuulizwa na kuandikwa. Tukutane katika mkutano mkuu ujao, kila mmoja akiwa na jina la mtu mmoja wa ukoo wake mkononi, nalo tutaliandika.